Njia Tatu za Kwenda Mjini: Somo la Solo kwenye Shingo ya Gita

Wahenga walinena kuwa mwenda pole hajikwai, na tena wakanena kuwa asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Methali ya kwanza niliidharau, nikajikwaa mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi wenzangu. Methali ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mliokuwepo Siku ya Wazazi mnakumbuka. Bendi ya Chama chetu ilikuwa na magita matatu: solo, rizimu na besi. Solo nilishika mimi. Wimbo ulikuwa wa rumba, tulioutunga wenyewe. Ubeti wa kwanza ulipokwisha nikaingia na mbwembwe zangu, vidole viko juu kabisa kwenye freti ya 12, wasichana wa Kidato cha Pili wanapiga makofi. Mara rizimu ikahama. Mimi nikabaki. Nilipojaribu kuifuata, mkono uliruka kutoka freti ya 12 hadi ya 1, ukafika umechelewa, na kilicholia hapo sijui nikiiteje. Kicheko kilichofuata bado kiko masikioni mwangu.

Mwalimu mlezi wa Chama hakunikaripia. Aliniambia tu, "Nenda ukatafute kosa lilikuwa wapi, kisha utuandikie jaridani." Basi nilikwenda, na haya ndiyo niliyoyaleta.

MWALIMU WANGU WA LIKONI

Mjomba wangu, ndugu yake mama, akaa Likoni. Kwa miaka mingi amepiga gita katika bendi za hoteli za pwani ya kusini. Nilimwamkia, "Shikamoo mjomba," akaitika, "Marahaba mwanangu," nami nikamweleza mkasa wangu wote. Akanipa gita akasema, "Haya, piga kama ulivyopiga siku ile."

Nikapiga. Hata sijafika mbali akanishika mkono.

"Kwani wewe wakimbizwa na nani?"

Nikacheka kwa haya. Akaendelea, "Wewe waijua shingo ya gita kama mtu aijuaye barabara moja tu. Barabara ikifungwa, hana pa kupita. Sikiza, ntakuonyesha."

Ni lazima niseme jambo moja kuhusu mkono wa mjomba. Kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto hakikunjiki sawasawa, kilibanwa kazini zamani. Hawezi kutanua vidole wala kuruka mbali upesi. Ilimbidi ajifunze kila sauti iliyo karibu na pale mkono wake ulipo. Kwa hiyo solo zake hazina haraka, na kamwe hazipotei.

SHINGO NA FRETI

Kwa wale wasiolijua gita, tuanze na alifu. Gita la kawaida lina nyuzi sita. Uzi wa 1 ndio mwembamba kuliko zote, na uzi wa 6 ndio mnene. Nyuzi hizo zimepita juu ya shingo, na shingoni mna vyuma vyembamba vilivyolala kwa mkingamo. Hivyo ndivyo freti. Ukibonyeza uzi nyuma ya freti, unaufupisha, na uzi mfupi hulia sauti ya juu zaidi. Kila freti moja hupandisha sauti kwa nusu hatua. Ukifika freti ya 12 umegawa uzi katikati kabisa, na sauti ni ile ile ya uzi ulio wazi, lakini juu yake kwa oktava moja.

Wanafunzi wa Fizikia watafurahi kupima. Uzi wa sentimita 65 hugawika kwenye freti ya 12 penye sentimita 32.5. Ila nafasi za freti hazilingani. Ya kwanza ina upana wa sentimita 3.6 hivi, na ya 12 haifiki hata sentimita 2. Ndiyo maana wengi wetu tunapenda kukimbilia juu: vidole havitanuki sana. Nami ndiko nilikokimbilia.

Hapa pwani tunacho pia chombo kisicho na freti hata moja, nacho ni udi wa taarabu. Marehemu Zein l'Abdin, fundi wa udi aliyezaliwa Lamu na kuishi Mombasa hadi alipofariki mwaka 2016, alikuwa na shingo laini chini ya vidole vyake. Hakuwa na chuma cha kumwambia sauti iko wapi. Sikio ndilo lililomwongoza. Mpiga gita amerahisishiwa kazi, lakini freti humwambia tu kuwa hapa pana sauti safi. Haimwambii ni sauti ipi inayofaa sasa. Hilo ni la sikio bado.

SAUTI MOJA, MAHALI PENGI

Jambo la kwanza ambalo mjomba alinifundisha lilinishangaza. Piga uzi wa 1 ukiwa wazi. Sasa bonyeza uzi wa 2 kwenye freti ya 5, upige. Ni sauti ile ile! Bonyeza uzi wa 3 kwenye freti ya 9. Ni ile ile tena. Uzi wa 4 kwenye freti ya 14, ile ile. Kwenye piano sauti hiyo ina kitufe kimoja tu. Kwenye gita ina mahali pengi, na kila mahali pana ladha yake: uzi mwembamba hung'aa, uzi mnene huwa na utamu mzito kidogo.

Basi swali la mpiga solo ni mawili kwa pamoja: nipige sauti gani, na niipigie wapi? Mimi nilikuwa nikijiuliza la kwanza peke yake.

NJIA TATU ZA KWENDA MJINI

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Nyimbo nyingi za dansi za Afrika Mashariki husimama juu ya kodi tatu. (Nasema kodi, yaani sauti tatu zinazolia pamoja, si ile anayokuja kuidai mwenye nyumba mwisho wa mwezi.) Kodi hizo ni ya do, ya fa na ya so. Anayezishika ni mtu wa rizimu. Mtu wa solo akitaka asipotee, lazima ajue kila kodi inakaa wapi shingoni.

Mjomba alinieleza hivi. Sisi watu wa bara ya Mombasa tuna njia zetu za kwenda mjini, kisiwani. Mtu wa Changamwe hupita Makupa. Mtu wa Kisauni hupita daraja la Nyali. Mtu wa Likoni hupanda feri. Mji ni ule ule mmoja, lakini mtu wa Kisauni aliye na akili timamu hawezi kwenda kupanda feri Likoni ili afike Marikiti. Atashika njia iliyo karibu naye.

Kodi ya do nayo ni mji wenye njia tatu. Tutumie nyuzi tatu nyembamba tu, yaani uzi wa 3, wa 2 na wa 1, na do yetu iwe ile iitwayo C:

Njia ya Makupa: uzi wa 3 wazi, uzi wa 2 freti ya 1, uzi wa 1 wazi. Hapo una so, do, mi.

Njia ya Nyali: uzi wa 3 freti ya 5, uzi wa 2 freti ya 5, uzi wa 1 freti ya 3. Hapo una do, mi, so.

Njia ya Likoni: uzi wa 3 freti ya 9, uzi wa 2 freti ya 8, uzi wa 1 freti ya 8. Hapo una mi, so, do.

Ukipita hapo unarudi mwanzo kwa juu, freti za 12, 13 na 12, ambako ni so, do, mi tena. Sauti ni zile zile tatu, zimepanga foleni tofauti tu.

Kodi ya fa nayo ina njia tatu: freti za 2, 1, 1, kisha 5, 6, 5, kisha 10, 10, 8. Kodi ya so ni 4, 3, 3. Kisha 7, 8, 7. Kisha 12, 12, 10. (Kila mara nataja uzi wa 3 kwanza, halafu wa 2, halafu wa 1.)

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu la Siku ya Wazazi. Nilikuwa freti ya 12 kwenye do. Rizimu ilipohamia fa, mimi fa niliijua ya freti ya 1 tu, nikaruka kuifuata huko. Kumbe fa ilikuwa jirani yangu, freti mbili tu kutoka nilipokuwa! Nilikuwa mtu wa Kisauni aliyekwenda kupanda feri.

KIDOLE KISICHOHAMA

Baada ya hapo mjomba alinionyesha siri ya pili, nami naiona tamu kuliko zote. Kodi mbili zinazofuatana mara nyingi zina sauti moja ya pamoja. Do na fa zote zina sauti ya do ndani yake. Do na so zote zina sauti ya so.

Simama kwenye njia ya Likoni: 9, 8, 8. Rizimu ikihamia fa, nenda 10, 10, 8. Umeona? Uzi wa 1 umebaki freti ya 8. Rizimu ikirudi do, nawe warudi. Ikihamia kodi ya so, nenda 7, 8, 7. Sasa ni uzi wa 2 uliobaki freti ya 8. Kodi tatu zimepita, na mkono haukutoka penye upana wa kiganja.

"Kidole kimoja kisihame," alisema mjomba. "Hicho ndicho mlinzi wa nyumba. Wengine waende watembee warudi."

Jaribu pia kwenye njia ya Nyali: do ni 5, 5, 3, fa ni 5, 6, 5, so ni 4, 3, 3. Utamwona mlinzi huko pia. Safari hii amekaa uzi wa 3 kwa fa, na uzi wa 1 kwa so.

Nilifanya zoezi hili majuma mawili, jioni baada ya maandalio. Majirani walichoka. Lakini siku ya kumi hivi nikaanza kuisikia kodi kabla haijafika, kama unavyojua feri imekaribia gatini kabla hujaiona.

NYUZI MBILI KWENDA PAMOJA

Mpaka hapa tumejua nyumba. Sasa tutatembea vipi kutoka nyumba moja hadi nyingine? Wapigaji wa rumba wana namna wanayoipenda mno, ya kupiga nyuzi mbili kwa wakati mmoja, sauti zikiandamana kama ndugu wawili waendao shule. Ukiruka uzi wa 2 ukapiga uzi wa 3 na wa 1 pamoja, hii hapa ngazi nzima ya do:

Wazi na wazi; 2 na 1; 4 na 3; 5 na 5; 7 na 7; 9 na 8; 10 na 10; 12 na 12.

Nambari ya kwanza ni ya uzi wa 3, ya pili ni ya uzi wa 1. Panda nayo pole pole, ushuke nayo pole pole. Utashangaa, maana bila kufanya jambo lolote la ajabu utajisikia ukipiga kitu kinachofanana na rumba uliyoisikia redioni tangu utotoni. Ngazi hii hupita katika njia zote tatu, hivyo ndiyo daladala yetu ya kutoka Makupa hadi Likoni.

SOLO NI SHAIRI

Sasa wanachama wa Chama cha Kiswahili mtauliza, haya yote yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Shairi la tarbia lina mishororo minne katika kila ubeti. Aghalabu mshororo una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Ukwapi hufungua neno, utao hulifunga. Na mwisho wa kila kipande pana kina.

Solo nzuri ndivyo ilivyo. Kipande cha kwanza huuliza, cha pili hujibu. Na sauti ya mwisho ya kila kipande, pale unapotua, ndiyo kina chake. Ukitua kwenye sauti iliyomo ndani ya kodi inayolia wakati huo, msikilizaji hupumua. Ukitua nje, kina kimevunjika, hata kama katikati ulipiga maneno mazuri namna gani. Sauti za kupitia zinaruhusiwa, kama vile maneno ya katikati ya mshororo yasivyodaiwa vina. Linaloangaliwa ni pale unapotua.

Mimi siku ile nilikuwa mshairi mwenye maneno mia na kina hata kimoja.

Jambo jingine ni pumzi. Mwimbaji hupumua, malenga hupumua, lakini vidole havichoki upesi, hivyo mpiga gita husahau kunyamaza. Mjomba hunilazimisha niimbe solo kwa mdomo kwanza, kisha niitafute shingoni. Nisichoweza kuimba, haniruhusu kukipiga. Ati anaona ni porojo.

WALIOTUTANGULIA

Elimu hii haikuanzia Likoni wala haikuanza jana. Mwenda Jean Bosco wa Katanga alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 akipiga na kuimba Masanga kwa Kiswahili cha kwao. Gita lilikuwa moja, na mkono wa kulia alitumia kidole gumba na cha shahada tu. Gumba lilishika nyuzi nene, shahada ikasema juu yake, hata mtu akadhani wako wawili. Yeye hakuwa na mtu wa rizimu wa kumfuata. Solo na kodi zote zilikaa katika mkono mmoja, na kwa hiyo hakuweza kwenda mbali na kodi hata angetaka.

Hapa kwetu pwani tulikuwa na Fundi Konde, aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2000, miongoni mwa Wakenya wa mwanzo kabisa kupiga gita la umeme. Kule Kongo walikuwepo Franco wa OK Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1956, na Nico Kasanda, aliyeitwa Daktari. Sikiza gita la Franco: mara kwa mara utasikia nyuzi mbili zikilia pamoja, kama katika ngazi yetu ya hapo juu.

Na tusisahau kuwa Simba Wanyika ilianzia Mombasa hii hii, mwaka 1971. Ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga, ndio walioiasisi kabla ya kuhamia Nairobi. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wake walitoka wakaunda Les Wanyika. Omari Shabani wa Les Wanyika aliitwa Profesa, naye hakuwa mtu wa solo. Alikuwa mtu wa rizimu! Mkitaka kujua kwa nini, usikilizeni wimbo Sina Makosa, mkiisahau sauti ya mwimbaji kwa dakika moja. Solo ya John Ngereza hutulia kwa sababu chini yake kuna msingi usioyumba.

Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alitunga, akaimba, akapiga solo yeye mwenyewe. Alifariki Januari 1979 baada ya ajali ya barabarani hapa Mombasa. Mjomba asema kuwa katika gita la Mbaraka unaisikia ile ile sauti iliyokuwa ikiimba muda mfupi uliopita, sasa imehamia kwenye nyuzi. Nami nimekubali. Mtu aliyeimba ndiye anayepiga, kwa hiyo hawezi kusahau kupumua.

MAZOEZI

1. Tafuta sauti ya uzi wa 1 ulio wazi katika nyuzi nyingine tatu. Zipige moja moja ukisikiza tofauti ya ladha.

2. Mwombe mwenzako apige rizimu ya do, fa, so, do, kila kodi mapigo manne. Wewe chagua njia moja kati ya zile tatu na usitoke humo. Mtafute mlinzi wa nyumba kila kodi inapobadilika.

3. Tunga ukwapi na utao kwa gita. Imba kwanza kwa mdomo. Ukwapi utue kwenye so, utao utue kwenye do.

4. Rudia zoezi la tatu katika njia nyingine mbili, ukitumia ngazi ya nyuzi mbili kuvukia.

TAMATI

Wapenzi wasomaji, wako wanaosema kuwa gita ni uhuni na linampotezea mwanafunzi muda. Siwezi kubishana nao wote. Ila najua kuwa limenifundisha kumsikiza mwenzangu kabla sijasema, na hilo sikulipata kwingine. Nilipokuwa nikikimbia freti ya 12, sikumsikia mtu wa rizimu hata kidogo. Alikuwa akiniita fa, mimi nikijisikia mwenyewe tu. Nimekwisha kumwomba radhi.

Mjomba bado yuko Likoni, na kidole chake bado hakikunjiki. Kila Jumamosi navuka feri kwenda kwake. Juzi alipiga rizimu yeye, akaniambia nishike solo. Nilikaa njia ya Nyali wimbo mzima, sikuvuka freti ya 8. Tulipomaliza hakusema neno. Alirekebisha uzi wa 2 uliokuwa umelegea, akaanza wimbo mwingine.

Bendi ya Chama itapiga tena Siku ya Wazazi ijayo. Nimeomba nipewe solo. Tafadhalini, njooni mcheke mkipata cha kuchekea.